Mkoba wa Bunge na pesa isiyopita humo

Novemba 20, 2014, Rais Barack Obama alitangaza kwamba wahamiaji wasio na vibali, waliokaa Marekani zaidi ya miaka mitano na wenye watoto ambao ni raia au wakaazi halali, wataweza kuomba kinga ya muda wasifukuzwe, pamoja na kibali cha kazi. Waliolengwa walikadiriwa kuwa milioni nne hivi. Warepublican, wapinzani wa chama chake cha Democrat, waliotoka kushinda uchaguzi wa Bunge mwezi huohuo, wakashika silaha waliyopewa na katiba: senti haitoki hazina bila sheria ya Bunge.

Desemba waliipitishia serikali karibu yote bajeti ya hadi Septemba 2015. Wizara ya Usalama wa Ndani peke yake wakaipa ya kufikia Februari 27 tu. Januari, Baraza la Wawakilishi likaidhinisha karibu dola bilioni 40 za wizara hiyo, lakini likapachika humo vifungu vya kuzima mpango mpya, na ule wa 2012 unaowalinda walioingizwa nchini wakiwa watoto.

Hoja yao haikuwa ya kubeza. Obama huyohuyo, alipobanwa na wanaharakati miaka ya nyuma, alikuwa akiwajibu kwamba yeye si mfalme. Kama waraka wa waziri unatosha kuwapa mamilioni ya watu vibali vya kazi, basi rais ajaye atapita mlango huohuo kufanya usilolipenda.

Watetezi wa Obama nao walikuwa na hesabu yao. Wasio na vibali walikuwa milioni 11 hivi, na pesa zilizotolewa na Bunge zilitosha kuwafukuza wasiozidi laki nne kwa mwaka. Lazima mtu achague nani aachwe. Tena Seneti ilikwisha kupitisha mageuzi ya uhamiaji Juni 2013, kura 68 kwa 32, na Spika John Boehner hakuyafikisha mbele ya Baraza yapigiwe kura. Kwangu mimi hesabu hiyo inatetea vizuri uamuzi wa kutomfukuza mtu. Kibali cha kazi inakitetea kwa shida.

Ila mkakati wenyewe ulikuwa na tundu, na tundu lilijulikana mapema. Idara ya wizara hiyo inayoshughulikia maombi ya uhamiaji haiishi kwa bajeti ya Bunge, inaishi kwa ada. Aliyewahi kuomba kadi ya kijani anaijua vizuri hiyo ada! Ombi la mpango wa 2012 lilikuwa dola 465, zikiingia moja kwa moja kwenye akaunti ya idara. Hata Kamati ya Matumizi ya Baraza, chini ya Mrepublican Hal Rogers, ilitahadharisha kwamba kuinyima idara hiyo bajeti hakutauzima mpango. Vifungu vya kuzima mpango vingeuzuia kama vingekuwa sheria, lakini vilihitaji kura 60 Seneti, kisha saini ya Obama mwenyewe. Bila hivyo lilibaki tishio la kuacha wizara ikaukiwe: walinzi wa mpaka, wa pwani na wakaguzi wa mizigo wa viwanja vya ndege wafanye kazi bila mshahara, huku dirisha la kupokea fomu likiendelea kupokea.

Aliyeuzuia mpango ni Jaji Andrew Hanen wa Texas, Februari 16, katika kesi iliyofunguliwa na majimbo 26. Machi 3 Baraza likapitisha bajeti isiyo na masharti, kura 257 kwa 167, na Wademocrat ndio waliokuwa wengi katika hizo za ndiyo. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu iligawanyika nne kwa nne, zuio likabaki.

Donald Trump alitokea upande wa pili. Bunge lilimnyima dola bilioni 5.7 za ukuta wa mpakani, serikali ikafungwa siku 35, akaambulia bilioni 1.375. Februari 2019 akatangaza hali ya dharura, akachota za jeshi.

Sasa tangu Julai 2025 kuna sheria iliyolipa shirika la kukamata na kuwafukuza wahamiaji karibu dola bilioni 75 za kutumia kwa miaka kadhaa, nje ya bajeti ya kila mwaka. Mdemocrat anayetaka kulibana shirika hilo kwa kukataa bajeti ya wizara atakuta shirika lenyewe lina pesa tayari. Watakaokosa mshahara ni walewale wa viwanjani.