Nipo Baharini, Hapa Mianzini

Dalali wa magari kanipigia tena leo, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mswaki wenyewe sijaushika. "Mzee wangu, shikamoo, ile chuma bado ipo." Marahaba. Najua ipo. Itakuwepo mpaka parapanda ilie.

Wanaokaa Muriet, hapa Arusha, na bebi woka kama yangu, kagari kadogo ka chini, masika yakishuka hawana haja ya maelezo. Wa Njiro mtanisamehe. Mama watoto kasema mwaka huu hapandi tena kitu kinachosukumwa na wapita njia huku yeye kavaa kitenge cha harusi. Basi nikakata shauri: gari la juu. Na mimi nikaongeza sharti langu moja, liwe na navigesheni, ile skrini ya kuonyesha njia, ya kuzaliwa nayo, siyo ya simu. Maana ya simu, siku ile tunakwenda msibani Kibosho, iliniambia "umefika" nikiwa katikati ya kihamba cha watu, migomba kushoto, migomba kulia, na mbele mzee mwenye panga anauliza mimi ni wa ukoo gani. Halafu ikaisha chaji.

Nimezunguka mji huu. Prado nimeitazama kwa macho tu, kama mtu anavyotazama nyama choma ya meza ya jirani. Harrier, kila niliyoiulizia bei mwenye nayo alinitazama viatu kwanza. RAV4 moja nzuri niliambiwa ilikuwa ya mama mwalimu, alikuwa anakwenda nayo kanisani tu. Arusha hii kila gari linalouzwa ni la mama mwalimu. Mshahara wao naujua, hayo magari sijui wananunua na nini. Ukisema uagize mwenyewe kutoka Japani, gari likiwa na umri unalipia ushuru wa uchakavu, na wewe uliyechakaa kuliko gari hakuna anayekupa pole.

Ndipo nikapelekwa Sakina. Gari lenyewe silitaji jina, waliolitengeneza hawajanikosea kitu.

"Miaka kumi na saba," nikamwambia dalali, "kilomita elfu sitini na mbili tu?"

"Wajapani hawatembelei magari, mzee wangu. Wale ni watu wa treni."

Haya. Nikakaa kwenye usukani, dalali pembeni, nyuma kijana wa dada yangu anayesoma chuo, niliyekuja naye kama shahidi. Nikazungusha ufunguo. Skrini ikawaka, ikatoka sauti ya mwanamke, nyororo, ya mtu aliyelelewa, Kijapani kitupu. Tukanyamaza wote watatu kama tuko ibadani.

"Anasemaje?"

"Anakukaribisha, mzee wangu."

Nikasema asante. Akarudia maneno yaleyale.

"Sasa anasema funga mkanda."

Nikafunga. Akarudia.

"Mbona nimeshafunga?"

"Anasema na mimi nifunge." Akafunga.

Tukaingia barabarani. Nikatazama skrini nione Sakina inavyoonekana kitaalamu. Bluu. Skrini nzima bluu, na katikati kamshale kadogo kekundu kametulia.

"Hii bluu ni nini?"

"Ndiyo Arusha hiyo, mzee wangu."

Arusha nimezaliwa. Maji mengi niliyowahi kuyaona huku ni Ziwa Duluti, na hata lenyewe halijafika Sakina. Tukapita Mianzini, bado tuko baharini. Kifodi, daladala zetu ndogo za huku, kikatuchomekea kutoka kushoto, bodaboda mbili kutoka kulia, kamshale hakakutikisika, bahari shwari kabisa. Pale Sanawari trafiki akatupungia mkono. "Mnatoka wapi?" Nikatupia jicho skrini kwanza, na nusura niseme ukweli.

Kijana wangu muda wote kashika simu yake juu karibu na spika, inamsikiliza yule mama na kumtafsiri. Akakohoa.

"Anko, huyu hasemi mambo ya mkanda. Anasema kadi haijaingizwa."

"Kadi gani?"

"Ya kulipia barabara za kasi za kule Japani. Unaichomeka hapa chini, ukifika getini linafunguka lenyewe, unakatwa hela."

Jamani. Mangi wa dukani ananidai. Shule inanidai. VICOBA wananidai. Kuna kamati ya harusi inanidai mchango wa bwana harusi ambaye nikikutana naye stendi simfahamu. Sasa nadaiwa na barabara za Japani, nisizozikanyaga, ndani ya gari lisilo langu, kwa lugha nisiyoijua, tena kwa adabu! Hilo la adabu ndilo lililoniuma. Wadai wa hapa wanakutukana, unawatukana, mnaelewana. Huyu utamjibu nini?

Nikapaki pembeni. Kijana akanieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mgonjwa. Setilaiti za GPS hazina shida, Wamarekani wanazirusha tangu mwaka 1978, zinaipiga dunia nzima, hata Muriet, na hazitaki bando. Shida ni ramani. Iko ndani ya gari, kwenye diski au kadi ndogo, nayo ni ya Japani peke yake. Gari likishapanda meli, ramani imeishia bandarini.

"Kwa hiyo setilaiti inajua nilipo."

"Ndiyo, Anko."

"Gari ndilo halijui."

"Ndiyo."

"Na hii navigesheni ndiyo iliyoongeza milioni moja na nusu kwenye bei?"

Dalali akawa anatazama nje, anasoma kibao cha saluni.

Akasema hilo si tatizo, kuna fundi wake, anaing'oa hii, anaweka skrini ya Android yenye ramani ya Tanzania na kamera ya nyuma. Yaani niinunue kwa hela, niing'oe kwa hela, niweke nyingine kwa hela. Nikamwambia aniwashie redio nipoze kichwa. Redio yake ya Kijapani inaishia FM 90! Stesheni ninazozipenda zote ziko huko mbele ya 90. Na hiyo nayo ina kifaa chake, na fundi wake.

Kijana, kunifariji, akasema hawa watu si wa mchezo, Honda waliweka ramani ndani ya gari tangu 1981, hata kabla ya mambo ya setilaiti za magari. Elfu moja mia tisa themanini na moja! Mimi mwaka huo nilikuwa kwenye foleni ya sukari, na foleni yenyewe hatukuhitaji ramani, ulikuwa unafuata mgongo wa mbele yako.

Hata ramani ingekuwa yetu, ingenipeleka wapi? Mwaka 2022 tuliwekewa anwani za makazi, mtaa una jina, nyumba ina namba. Namba ya nyumba yangu tunaijua mimi na yule aliyekuja kuiandika. Wageni wangu nawaambia shuka kwa Mangi wa pili, siyo wa kwanza, fuata ukuta mpaka geti la bluu lililopauka, ukiona mbwa mweupe umepitiliza, piga simu. Hayo atayaingiza nani kwenye diski?

Nimerudi kwa kifodi, maana bebi woka iko kwa fundi. Konda anasema nyuma kuna nafasi. Nyuma kulikuwa na mama mwenye ndoo, akaniwekea miguuni bila hata kunitazama. Perege. Nikamuuliza wa wapi, akasema wa Nyumba ya Mungu, wabichi kabisa. Wabichi! Na ndoo haina mfuniko, na pale Kilombero konda kaongeza watu wengine wanne, na kila tuta likija…