"Ni Sensa Tu" Si Jibu

Kuna maneno yanayotamkwa kila siku kwenye maduka na vibanda vya matairi hapa Nairobi, kuanzia Kirinyaga Road hadi Industrial Area: "Hiyo ni sensa tu, mkubwa. Haina shida." Mteja ametoka kulipia rimu nne nyeusi na matairi mazito ya matope, pikapu imesimama wima kama inayotaka kupanda Mlima Kenya, na kwenye dashibodi ile taa ya upepo wa matairi, ya manjano yenye alama ya mshangao, haizimiki. Sensa yenyewe ni kile kifaa kidogo ndani ya gurudumu kinachopima upepo na kuupeleka kwenye kompyuta ya gari. Anaambiwa aizoee. Mwingine anashauriwa aifunike kwa selotepu nyeusi.

Ushauri huo unaudhi. Unamnyang'anya dereva kitu alichokuwa nacho asubuhi, kisha unamwambia hakuna kilichopotea.

Taa ile ina lugha yake. Ukiwasha swichi, ikawaka sekunde chache na kuzima, mfumo ni mzima. Ikiwaka ikatulia, kuna tairi lililopungukiwa upepo. Ikimeta-meta kwa dakika moja au moja na nusu ndipo itulie, kompyuta ya gari haisikii sensa moja au zaidi. Kwa kawaida hali hii ya tatu ndiyo inayofuata baada ya kufunga rimu mpya. Na ubaya wake ni huu: kwenye magari mengi taa ni hiyo hiyo moja. Ikishawaka kwa sababu ya sensa, tairi la nyuma likipata msumari keshokutwa hakuna taa nyingine ya kukuambia.

Mwenye matairi mazito ndiye anayeihitaji taa hiyo kuliko wote. Tairi la kawaida la gari la saluni likishuka kutoka psi 35 (psi ni kipimo cha upepo) hadi 22 huanza kutandaza tumbo, na jicho makini linaweza kuliona. Tairi la pikapu lenye kuta nene halionyeshi hivyo. Litasimama imara na upepo nusu, na ukilipiga teke litarudisha sauti ile ile. Ndani yake lakini, kila mzunguko kuta zinakunjwa na kunyooka, joto linapanda, na gundi inayoshikilia nyuzi za chuma chini ya kashata, ule uso wa tairi unaogusa barabara, inachoka. Pakia magunia ya viazi, shika barabara ya Mai Mahiu adhuhuri ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, na tairi hilo linaweza kubambuka kashata bila onyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyozaa masharti ya sensa hizi ilitungwa baada ya matairi ya Firestone kubambuka kwenye magari ya Ford Explorer na watu wengi kufa. Kuanzia Septemba 2007, kila gari jipya dogo linalouzwa kule lazima liwe na mfumo huo. Ni kitu kilichonunuliwa kwa damu, na hapa tunakibandika selotepu.

Tatizo lenyewe ni la kazi ndogo iliyorukwa. Sensa hukaa ndani ya rimu, imeshikana na valvu. Rimu za zamani zikitolewa, sensa zinaondoka nazo. Zile mpya zinafungwa valvu za mpira za bei ya chini, kazi imekwisha. Wengi wenye magari yaliyotengenezewa soko la Japani haya hayawahusu, kwa kuwa mara nyingi magari hayo hayakuja na sensa kabisa. Wanaohusika ni wenye magari ya Uingereza, ya Afrika Kusini, na yale mapya ya dukani.

Kabla tairi halijaguswa, fundi awashe swichi, mtazame taa pamoja. Kama ilikuwa ikimeta tangu mwanzo, ijulikane. Kisha apitishe kifaa cha kusomea sensa kwenye kila gurudumu: kitatoa namba ya sensa, upepo na, kwa sensa nyingi, hali ya betri. Betri ya sensa haibadilishwi. Imefungiwa ndani, na hudumu kati ya miaka 5 na 10. Kenya haipokei gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo gari lililoshuka Mombasa na miaka 7 limekuja na betri zinazoelekea ukingoni. Hizo usizihamishe. Nunua mpya sasa hivi, maana tairi likishafungwa utalipa kazi ya kulifungua tena. Uliza pia masafa: sensa ya megahezi 315 haitasikika kwenye gari linalosikiliza 433, hata kama nati na umbo vinaingia barabara.

Zikiwa bado changa, zihamishe, ila badilisha mpira wa kuzibia, nati, kifuniko na kijiti cha ndani cha valvu. Hicho kijiti kiangaliwe vizuri. Valvu ya alumini inataka kijiti kilichopakwa nikeli, chenye rangi ya fedha. Kile cha shaba ya njano kilicho kwenye kopo la kila fundi kinaingia sawasawa, lakini shaba na alumini zikilowa pamoja zinalana. Baada ya mvua za msimu mmoja au miwili unakuta unga mweupe kwenye nyuzi za skrubu za valvu, kijiti hakitoki, na ukikilazimisha valvu inakatika mkononi. Vifuniko vya chuma vya urembo vinaleta ugonjwa huo huo. Weka cha plastiki.

Nati ya valvu haikazwi kwa nguvu za bega. Aghalabu inataka kati ya nyutoni mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 4 na 8, kadiri mtengenezaji alivyoandika. Ukizidisha, mpira unapondeka au shina linapata ufa usioonekana, na tairi litavuja kidogo kidogo kila usiku. Kwenye rimu za kina kirefu, hakikisha mgongo wa sensa haujabanwa na chuma. Ukibanwa, kukaza nati ni kuivunja. Na kama tairi linafungwa kwa vyuma vya mkono, chuma kisiingizwe karibu na valvu hata mara moja. Dawa ya pancha ya kumimina nayo ikae mbali, kwa sababu inaziba kitundu ambacho sensa inapumulia.

Sasa kufundisha kompyuta kuzitambua sensa mpya. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika, hasa wenye Toyota zenye kitufe chini ya usukani. Fundi anakishikilia, taa inameta polepole mara tatu, wote wanashukuru. Kitufe hicho hakifundishi namba za sensa mpya. Kinachofanya ni kuhifadhi upepo uliopo kama kipimo cha kulinganishia. Namba zinaandikwa kwa mashine inayochomekwa kwenye gari, kwanza. Kitufe ni baadaye, matairi yakiwa baridi na yamejazwa sawasawa. Ukikibonyeza matairi yakiwa na upepo mdogo, umeiambia kompyuta kwamba udogo huo ndio sahihi, na itakaa kimya ukiuangamiza mpira.

Kwenye Ford na Chevrolet nyingi, sensa huamshwa kwa kifaa kidogo kando ya valvu, kwa zamu: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kulia, nyuma kushoto. Magari mengine hujifunza yenyewe ukiendesha kwa muda. Njia rahisi kuliko zote ni kununua sensa tupu na kuziandikia namba za zile za zamani. Gari halijui kama kuna lililobadilika. Ila basi magurudumu ya zamani yasiwe nyuma ya pikapu hiyo hiyo, kwa sababu namba moja itakuwa inasikika kutoka sehemu mbili.

Taa ikikataa kuzima wakati magurudumu manne yako sawa, lala chini utazame spea. Baadhi ya magari yana sensa ya tano huko.

Nakubali, shingo upande, kwamba taa peke yake haitoshi. Masharti ya Marekani yanadai iwake upepo ukishuka kwa asilimia 25 chini ya kiwango cha stika ya mlangoni. Kama stika inasema 35, kompyuta inayofuata stika itangoja hadi karibu na 26. Matairi mazito uliyofunga huenda yanahitaji 45 kubeba mzigo ule ule, kwa hiyo kwenye 30 tayari yanaumia na taa imelala. Geji ya mkononi, asubuhi kabla ya safari, haina mbadala. Nakubali pia kwamba fundi wa kando ya barabara hana uwezo wa kununua mashine ya kila gari. Basi aseme hivyo, na amuelekeze mteja kwa mwenye nayo, badala ya kusema haina shida. Hata zile sensa za kofia zinazofungwa juu ya valvu, zenye skrini inayotumia nguvu ya jua, ni afadhali kuliko selotepu, mradi zina nati ya kufungia dhidi ya wezi na magurudumu yamebalansiwa zikiwa zimefungwa.

Kwa malori yenye magurudumu pacha sitasema mengi: tairi la ndani halionekani na halipigiki teke. Ulaya imelazimisha sensa kwenye malori na trela mpya tangu Julai 2024.

Na taa ikiwaka alfajiri ya Julai kisha ikazima saa sita mchana, usikimbilie kulaumu sensa. Kila joto likishuka nyuzi 10 za Selsiasi, upepo unapungua karibu psi 2, na kama ulijaza mchana ukiwa umetoka Thika Road matairi yakiwa moto, ulipunjwa tangu mwanzo. Ukishuka Mombasa nako, hewa nzito ya usawa wa bahari inaipunguza geji kama psi 2 na nusu, ingawa joto la pwani hurudisha sehemu kubwa yake.

Zile rimu za zamani ulizoziacha dukani kama sehemu ya malipo, kama sensa zake bado zina uhai, ziulizie kabla hujaondoka. Ni zako.