Kina cha utafutaji na nguvu ya programu ya chesi

Katika kijiwe kimoja cha Mwanjelwa, jijini Mbeya, ambako drafti ya vizibo vya soda ndiyo yenye wenyewe, vijana wawili wanaocheza chesi kwa simu walibishana juzi hadi kahawa ikapoa. Simu ya mmoja ilionyesha kwamba programu yake imefika kina cha 30 (idadi ya hatua inazotazama mbele, ukihesabu za pande zote mbili), ya mwenzake, yenye programu nyingine, 22. Wa kwanza akahitimisha kuwa yake ndiyo yenye nguvu.

Hoja yake ina mashiko. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Ken Thompson wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, alishindanisha matoleo ya mashine yake ya chesi, Belle, yaliyotofautiana kina tu, na katika kina kidogo kila hatua iliyoongezwa ilileta takriban alama 200 au zaidi za Elo, kipimo cha nguvu ya mchezaji wa chesi. Hata hivyo, katika majaribio hayohayo nyongeza ilipungua kadiri kina kilivyokua.

Tatizo linaanzia kwenye namba yenyewe. Hali ya kawaida ubaoni ina hatua halali zipatazo 35, hivyo kuona hatua nne mbele ni kupitia hali 1,500,625. Mbinu ya alfa-beta, inayoliacha tawi mara tu linapothibitika kuwa haliwezi kubadili uamuzi, inaweza kushusha hesabu hiyo hadi 2,449 iwapo hatua bora hutangulia kuchunguzwa kila mara. Programu za leo hupunguza zaidi, kwani hatua zisizo na matumaini huchunguzwa juujuu, kwa hiyo kina cha 30 hakimaanishi kwamba kila njia imefuatwa hadi hatua ya 30. Kulinganisha namba za programu mbili tofauti ni sawa na kulinganisha lumbesa ya viazi na gunia lililofungwa kwa kipimo, eti kwa kuwa yote ni magunia.

Kisha kuna tathmini, yaani makadirio ya nani anaongoza, pale utafutaji unapokomea. Malkia akila askari katika hatua ya mwisho, programu isiyotazama mbele ya hapo huhesabu faida, bila kujua kwamba hatua inayofuata malkia naye analiwa. Mwaka 2017 AlphaZero, programu iliyotathmini kwa mtandao wa neva (mfumo wa kompyuta unaojifunza kutokana na mifano) na kuchunguza hali 80,000 kwa sekunde, iliishinda programu ya Stockfish iliyochunguza milioni 70: michezo 100, ushindi 28, sare 72. Masharti ya pambano hilo yalilalamikiwa, na kwa haki, lakini mwaka 2020 Stockfish yenyewe ilipokea mtandao wa neva, ikapunguza kasi na kuongeza nguvu.

Kwa maoni yangu, kijana wa kwanza angekuwa sahihi kama angelinganisha programu moja na hiyohiyo yenye kina pungufu. Kwa programu mbili, kipimo cha haki ni simu moja, muda sawa na michezo mingi, kwa sababu programu zinazokaribiana nguvu hutoa sare nyingi, na michezo mitatu ya kijiweni haiwezi kuzitenganisha.