Nyeupe ni nyeupe tu bosi

Wakuu kama umewahi kuagiza gari Japan unaijua ile karatasi ya mnada, ile yenye kamchoro ka gari kamejaa vialama, A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyowahi kurudiwa rangi, halafu namba inayofuata ndo inakwambia ukubwa, 1 ni kidogo, 3 jipange. Toyota Wish yangu ilikuwa na A1 mlangoni basi, boneti safi. Nimelipa ushuru mpaka nyumbani tukaanza kuita maharage mboga ya wikiendi, naenda kuipokea nakuta boneti ina michirizi miwili mirefu imepita sambamba, kama paka alikuwa anajifunza kuteleza. Namuuliza agenti, agenti anasema itakuwa melini, na meli ishaondoka zamani. Nikaona hapa nitabishana na bahari.

Nikapeleka gereji moja ya chini ya mwembe huko Tabata. Fundi rangi akapitisha kidole kwenye mkwaruzo, akasonya kidogo, akasema bosi hii kazi ndogo, kesho unachukua. Hapo ndo nilitakiwa kuogopa, kwa sababu fundi akikwambia kazi kubwa angalau ameiangalia.

Mimi nilikuwa nimeshajisomea. Nikafungua nikamwonyesha kile kibati cha gari, rangi namba 070. Hiyo ni nyeupe ya lulu jamani, inapigwa nyeupe ya chini kwanza, juu yake inakuja lulu yenyewe, ndo unamalizia na klia, ile ya juu isiyo na rangi inayong'arisha, ukisimama pembeni jua likiwa linapiga inameremeta. Fundi ananisikiliza huku mkono umeshashika kopo. Naangalia kopo, 040. Hiyo ni nyeupe kavu, haina lulu wala nini, na ilikuwa nusu, imebaki kwenye Probox ya mtu.

"Fundi hii siyo."

"Bosi nyeupe ni nyeupe tu. Ikikauka zinafanana."

"Fundi namba ziko tofauti."

"Namba ni mambo ya dukani hayo."

Tukabishana pale mpaka mafundi wa injini wakaacha kazi wakaja kukaa kwenye matairi kusikiliza, mwisho nikamchukua fundi tukaenda wote Gerezani wanakochanganya rangi, nikasimama pale kaunta kama mkwe anayesubiri mahari ihesabiwe mpaka nikaona 070 imeandikwa kwenye kopo kwa macho yangu. Nikanunua na klia, na hadina yake ya kuikaushia, na tina, na msasa wa maji, na puti ambayo sijui ilikuwa ya nini maana hakukuwa na kibonyeo. Nikarudi nyumbani nimetulia, nimemdhibiti.

Kumbe sikuuliza swali moja tu, utaifunikia nini.

Kazi yenyewe ilifanyika Ijumaa jioni na Jumamosi ilikuwa dabi ya Kariakoo. Mimi ni Simba, siyo wa mitandaoni, Simba wa kuumwa tumbo. Na nilikuwa nimepanga kuingia uwanja wa Mkapa na gari namba E, usajili mpya, inang'aa, jezi nyekundu, kioo chini. Mchana nafika gereji, fundi mwenyewe hayupo, yupo kijana wake anaimwagia maji gari. Nikaizunguka. Wakuu, rangi imekubali! Mikwaruzo haipo, boneti na madigadi huwezi kutofautisha. Ila kule mbele karibu na taa naona kuna vivuli vivuli, kitu kama moshi umepita, rangi ya majivu hivi. Nikamuuliza kijana hii nini.

"Hiyo ndo lulu yenyewe braza. Inabadilika na jua."

Na mimi niliyemsomesha bosi wake habari za lulu ningesema nini? Nikawasha gari.

Nimeingia barabara ya Mandela, foleni kama kawaida. Mbele yangu kuna bajaji, dereva anaangalia sait mira yake, anaangalia tena, anacheka, ananipungia mkono. Nikasema huyu anajua rangi. Kidogo kijana wa bodaboda akanipita, akatazama sait mira yake, akapiga honi, pii pii pi pi pii, nikamjibu. Kufika Buguruni kwenye mataa konda wa daladala iliyo mbele kachungulia sait mira akapiga kelele "Wananchiii!" na abiria wawili watatu wakaitikia. Wananchi ni Yanga. Nikajiangalia jezi, nyekundu. Nikaangalia pembeni labda kuna mtu mwingine.

Taa zimegoma kuwaka kijani, yule wa bajaji akashuka kabisa. Akaja dirishani amenyoosha ngumi tugonge, kuona jezi akarudisha mkono mfukoni.

"Kaka, sasa wewe uko upande gani?"

"Kivipi?"

"Njoo uone."

Nikashuka, nikainama kwenye sait mira ya bajaji yake, na mle ndani ya kioo, kwenye boneti yangu ya 070 niliyoifuata Gerezani kwa miguu yangu, imeandikwa YANGA. Herufi nene zimenyooka, kubwa kuliko kiganja. Nikigeuka kuangalia gari yenyewe naona AGNAY, N na G zimegeuka, ndo maana nilikuwa naona moshi. Kila aliyekuwa mbele yangu tangu Tabata alikuwa ananisoma vizuri kwenye kioo.

Baadaye ndo nikapata habari kamili. Fundi alimaliza kupiga klia jioni, majani ya mwembe yanadondoka, jirani anapiga grenda, akaona bora afunike na gazeti la michezo. Na ile hadina alikuwa ameibania nusu abakize kwa kazi nyingine, sasa klia bila hadina ya kutosha haikauki, inabaki inanata, umande ukalalia gazeti, wino ukahama wote. Ukurasa wa mbele. Kulikuwa hata na kipande cha goti la mchezaji karibu na taa ya kushoto.

Uwanjani nilipaki gari kwa kuisogeza pua ukutani kabisa, mlinzi ananiambia braza utagonga, namwambia niache. Matokeo ya mechi tusiyaongelee.

Jumatatu nikarudi kwa fundi. Hakubisha, nimsifie kwa hilo. Akachukua msasa wa 2000 na maji, akasugua, akaweka polishi, YAN ikatoka, GA ikagoma. Akasugua GA mpaka akatoboa klia akafika kwenye lulu, ikabidi boneti irudiwe yote, kwa gharama zake, na hadina safari hii nikaichanganya mwenyewe nikiwa nimeshika kopo.

Jioni nataka kuondoka namwona anatoka kibandani amekumbatia lundo la karatasi.

"Usiwe na wasi bosi," ananiambia. "Leo nimekutafutia la Simba."