Tokyo Ilipofunga Mlango: Nani Alipata, Nani Alikosa?

Albamu iliyouzika kuliko zote duniani mwaka 2019 haikuwa ya Taylor Swift wala ya BTS, kundi la Wakorea. Kwa hesabu za IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za kurekodi muziki, ilikuwa mkusanyiko wa vibao vya Arashi, kundi la wanaume watano wa Japani ambao mkubwa wao alikuwa akinyemelea miaka arobaini. Nakala milioni 3.3. Ilitoka Juni, na Juni hiyohiyo ungewatafuta Arashi kwenye majukwaa makubwa ya kusikilizia muziki mtandaoni, ungeambulia patupu. Chaneli yao rasmi ya YouTube ilifunguliwa Oktoba mwaka ule. Novemba ndipo singo zao zote zikaingia mitandaoni, miaka 20 kamili tangu watoe ya kwanza. Kabla ya hapo, shabiki wa nje ya Japani aliyetaka kuwasikia kwa njia halali ilimbidi aagize CD, alipie usafiri, kisha akae angoje.

Mashabiki wa J-pop, yaani muziki wa pop wa Japani, wamebishana juu ya jambo hili kwa muda mrefu. Wako wanaosema Japani ilijikaanga kwa mafuta yake yenyewe. Ilikuwa na watunzi, waimbaji, studio na soko la pili kwa ukubwa duniani baada ya Marekani, lakini ikakaa ndani na kuwaachia Wakorea uwanja mzima. Wengine huwajibu kwa methali tunayoijua sote, mcheza kwao hutunzwa. Korea Kusini ina watu kama milioni 51 na ililazimika kutoka. Japani ina zaidi ya mara mbili ya hao, wote wananunua, sasa wakimbilie wapi? Tena, wanasema, muziki ule una ladha yake kwa sababu haukuwahi kumpikia mgeni.

Nadhani pande zote mbili zinachanganya mambo mawili. Kuwatungia watu wa nyumbani ni jambo moja, na kuwafungia mlango watu wa nje ni jingine. La kwanza liliujenga muziki wa Japani. La pili lilizilinda kampuni, na si muziki.

Nianze na lile la kwanza, maana ndilo linalodharauliwa. Juni 1963 wimbo wa Kijapani ulishika namba moja kwenye chati kuu ya Billboard huko Marekani, ukakaa hapo wiki 3. Kyu Sakamoto aliuimba mwanzo hadi mwisho kwa Kijapani. Maneno aliyaandika Rokusuke Ei, muziki ukawa wa Hachidai Nakamura, na nyumbani ulishatoka tangu 1961 kwa jina la "Ue o Muite Arukō", yaani nitembee nikiangalia juu. Anaangalia juu ili machozi yasidondoke. Ni mtu anayetembea peke yake usiku, anahesabu nyota huku macho yamejaa maji, na mahali ambapo ungetarajia maneno zaidi Sakamoto anapiga mluzi tu. Ei aliyaandika akiwa amevunjika moyo baada ya maandamano ya 1960 dhidi ya mkataba wa usalama kati ya Japani na Marekani kutozaa matunda. Na waliokuja kuupenda wimbo huo kuliko wote wa nje ni Wamarekani haohao.

Jina lake tu ndilo lililowashinda. Uingereza na Marekani wakauita "Sukiyaki", ambacho ni chakula, nyama inayochemshwa kwenye sufuria mezani. Ni kama kuchukua santuri ya Siti binti Saad ukaenda kuiuza Osaka kwa jina la "Pilau ya Kuku". Lakini wimbo wenyewe haukuguswa. Hakuna aliyemwambia Sakamoto aurudie kwa Kiingereza kwanza.

Waliokuja baadaye ndio walioambiwa hivyo. Pink Lady, mabinti wawili waliokuwa wakitikisa Japani nzima, walitoa singo ya Kiingereza mwaka 1979. Ilifika nafasi ya 37 Marekani, wakapewa hadi kipindi cha televisheni NBC mwaka 1980, wakawa wanakariri mistari ya lugha wasiyoijua mbele ya kamera. Kipindi kilikufa baada ya wiki chache. Mtu atasema tatizo lilikuwa Kiingereza chao. Basi mtazame Utada Hikaru, mzaliwa wa New York, anayekiongea Kiingereza kama maji. Albamu yake ya 1999, First Love, iliuza zaidi ya nakala milioni 7 Japani na hadi leo hakuna iliyoifikia huko. Mwaka 2004 alitengeneza albamu ya Kiingereza kwa ajili ya Wamarekani, ikaishia nafasi ya 160 kwenye chati yao. Hapa wale wa "mcheza kwao" wana haki kabisa. Kila Mjapani alipojigeuza ili apendwe nje, hakuna aliyemgeukia.

Na nyumbani palikuwa pazuri kweli. Sheria ya Japani inaruhusu CD ziuzwe kwa bei moja iliyopangwa nchi nzima, duka lisiruhusiwe kuipunguza, hivyo albamu mpya ilizoea kuwa karibu yeni 3,000 popote ulipo. Asiyeweza kununua alikwenda duka la kukodisha, akaazima CD kwa siku chache, akairekodi nyumbani. Mapato ya aina hiyo yaliwalisha watunzi, wapangaji wa ala na wapiga gitaa wa studio. Sikiliza ngoma za mwanzoni mwa miaka ya 1980, zile zinazoitwa siti-pop, usikie besi ilivyopigwa na mtu aliyelipwa vizuri na hakuharakishwa. Muziki wa namna ile haupatikani kwenye uchumi wa kubangaiza.

Sasa tuje kwenye kufuli.

Kwa miaka mingi, ukifungua video rasmi ya msanii wa Japani, ulikuwa unaoneshwa kipande. Nakumbuka kibao kimoja kilivyokuwa kikinikatikia kabla ya kiitikio cha pili, kila mara pale pale, hadi nikazoea kujimalizia mwenyewe kwa kuimba mdomo umefumbwa. Siku nyingine hata hicho kipande hukipati. Kioo cheusi, maandishi meupe, video hii haipatikani katika nchi yako. Kampuni ya Johnny & Associates, iliyowamiliki Arashi na kundi jingine la wanaume, SMAP, ilikwenda mbali zaidi. Ukiingia duka la mtandaoni kununua jarida lenye msanii wao kwenye jalada, ulilikuta jalada zima lipo, herufi zake zote zipo, ila mahali pa mtu pamewekwa kivuli cha kijivu.

Watetezi husema hiyo ilikuwa kulinda mauzo ya CD, na mauzo kweli yalilindwa. Hadi leo zaidi ya nusu ya mapato ya muziki uliorekodiwa Japani yanatokana na vitu vya kushika mkononi, jambo lililokwisha kitambo karibu kila mahali. Lakini yalilindwa kwa namna gani? AKB48, kundi lililoanzishwa 2005 na Yasushi Akimoto kwenye ukumbi mdogo wa mtaa wa Akihabara, Tokyo, lilikuwa likiweka ndani ya CD tiketi ya kumshika mkono msanii kwa sekunde kadhaa, au karatasi ya kura ya kuamua nani asimame mbele katika singo ijayo. Shabiki mmoja akawa ananunua nakala kumi, ishirini, zaidi. Wimbo ni uleule, tena kwenye CD zinazofanana. Sidhani hapo kilichouzwa kilikuwa muziki, na chati zilizohesabu CD tupu zilikuwa zimeacha kueleza watu wanasikiliza nini.

Kufuli hilo lilificha na mengine mabaya zaidi. Kampuni yenye nguvu ya kuamua picha gani ionekane ndiyo hiyohiyo yenye nguvu ya kuamua habari gani isiandikwe. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Tokyo ilikubali kwamba madai kuwa mwanzilishi wa kampuni hiyo, Johnny Kitagawa, aliwanyanyasa kingono wavulana aliowalea yalikuwa na ukweli. Vyombo vikubwa vya habari vya Japani vilipita kimya, maana nani alitaka kunyimwa wasanii wale kwenye kipindi chake? Kitagawa alifariki 2019 akiwa na heshima zake zote. Ilibidi BBC irushe filamu yake Machi 2023 ndipo kampuni ikiri, Septemba mwaka huohuo, na rais wake ajiuzulu. Wanaosifu jinsi Tokyo ilivyowatunza wasanii wake wakumbuke na hili.

Je, muziki ulihitaji kufuli ili ubaki wa Kijapani? Jibu limetoka kwa watu waliopenya bila kuombwa. Mwaka 2017 mtu fulani alipakia YouTube "Plastic Love" ya Mariya Takeuchi, wimbo wa albamu ya 1984 ambao zama zake haukutikisa kitu. Mtambo wa mapendekezo ukaanza kuwasukumia watu usiku wa manane, hadi ukatazamwa zaidi ya mara milioni 20. Hata picha iliyobandikwa haikuwa yake; ilitoka kwenye jalada la singo nyingine ya Takeuchi, na mpiga picha alipodai haki zake video ikaondolewa kwa muda. Kampuni ilitoa video rasmi 2019. Dunia ilikuwa imeshacheza, ikapumzika, ikaanza tena.

Nyumbani nako waliofungua mlango ni wale walioingilia uani. Mwaka 2007 kampuni moja ya mji wa Sapporo ilitoa Hatsune Miku, programu ya sauti inayoimba chochote unachoiandikia, na vijana wasio na lebo wakaanza kutunga vyumbani mwao na kuweka kazi kwenye tovuti ya Niconico. Kenshi Yonezu alianzia huko kwa jina la Hachi. Ayase, nusu ya kundi la watu wawili liitwalo YOASOBI, naye alitokea huko. Ado alianza kwa kuimba nyimbo za watunzi hao akiwa ndani ya kabati la nguo nyumbani kwao, na "Usseewa", kibao cha hasira kilichomtambulisha, kilitoka siku moja kabla hajatimiza miaka 18. Kwa miaka hakuonesha uso wake, tofauti na vile vivuli vya kijivu ni kwamba alichagua mwenyewe.

Kisha anime, katuni za Kijapani, ikawabeba. Wengi wetu huku tulioujua muziki huu tuliingilia dirisha hilo, wimbo wa dakika moja na nusu kabla ya katuni kuanza. Juni 2023 "Idol" ya YOASOBI, uliofungua katuni ya Oshi no Ko, ukawa wimbo wa kwanza wa Kijapani kuongoza chati ya Billboard ya dunia nje ya Marekani. YOASOBI wana pia matoleo ya Kiingereza, na namna walivyoyafanya inafurahisha. "Yoru ni Kakeru", kilichowatambulisha, kinaanza na maneno "shizumu yō ni", yaani kama kuzama. Kwa Kiingereza mahali hapo Ikura, mwimbaji wao, anaimba "seize a move, you're on me". Maana imetupwa, mlio umebaki, na ukisikia kwa mbali hujui ni lugha ipi. Ni kinyume kabisa cha walichofanyiwa Pink Lady. Safari hii Kiingereza ndicho kilichopindwa kimfuate Mjapani.

Kuna mtu mmoja ananipa shida katika hoja yangu, naye ni Tatsuro Yamashita, mume wa Takeuchi na prodyuza wa "Plastic Love". Alipoulizwa mwaka 2022 kama ataweka kazi zake kwenye majukwaa ya mtandaoni, alijibu kwamba pengine kamwe. Haoni kwa nini watu wasiohusika na kuumba muziki wautawanye na kuchuma. Siwezi kumwita kampuni. Ni fundi anayelinda kazi ya mikono yake, na malipo ya majukwaa hayo kwa wanamuziki ni haba, kila mtu analia. Kama Arashi wangefungiwa kwa uamuzi wao wenyewe, nisingeandika haya yote. Mwenye wimbo ana haki ya kuuficha.

Ila namfikiria Miki Matsubara. Alirekodi "Mayonaka no Door" mwaka 1979, akiwa bado hajafika miaka 20 au ndiyo anaifikia. Mwishoni mwa 2020 wimbo huo ulilipuka TikTok, na mchezo ukawa mmoja. Mtoto mwenye mama Mjapani anauwasha kwenye simu, anamrekodi mama bila kumwambia ni nini. Mama anageuka, anatabasamu, na kiitikio kinapofika anakiimba neno kwa neno. Matsubara alifariki Oktoba 2004, akiwa na miaka 44.