Mafagio Mapya, Raia Wale Wale

Juzi kwenye grupu la wazazi ikarushwa picha ya wanafunzi wa sekondari kwenye siku yao ya huduma kwa jamii. Tisheti za rangi moja, glavu nyeupeee, mafagio hata nailoni ya dukani haijatolewa, na mgeni rasmi katikati kashika la kwake kama kashika maiki. Watu wakamwaga makofi na maua. Mimi nikamuuliza binti yangu, naye alikuwepo, kwani mlisafisha nini? "Mama, pale palishafagiliwa asubuhi, sisi tuliitwa kwa ajili ya picha." Anajibu huku anafunga kamba za viatu, wala haoni ajabu.

Hiyo ya kutoona ajabu ndo imenichoma. Huyu mtoto si muda mrefu atakuwa mpiga kura, na somo la uraia alilopata siku nzima ni kusimama kamera inapotaka.

Tuseme basi wangefagia kweli, mtaro wote, jasho likawatoka. Wiki ijayo mtaro umeziba tena, mtoto amejifunza nini zaidi ya mgongo kuuma? Zile taka hazikushuka mbinguni. Kuna mtu ambaye kazi yake ni kuzizoa, kuna bajeti iliyopitishwa, kuna gari linalotakiwa kupita, na kuna kikao mahali fulani ambapo hayo yote yaliamuliwa bila mtu wa kuuliza swali. Mtoto aanzie hapo. Mpe daftari aende aangalie taka zinatoka wapi hasa, aongee na wanaofanya biashara pembeni ya mtaro, wenzake wakae wabishane tatizo ni nini (watabishana, msiwakatishe), halafu waandike barua waipeleke wenyewe ofisi inayohusika. Wataambiwa njoo kesho. Waende kesho. Wataambiwa mhusika katoka. Waombe jina la mhusika na waandike tarehe. Hilo zungusha zungusha ndo somo lenyewe jamani, maana mtu mzima anayejua kuzungushwa bila kukata tamaa hata humu kwenye grupu hatujai kiganja. Na siku ikitokea gari la taka likapita kweli kwa sababu ya barua yao, hata mara moja tu, huyo mtoto huwezi kumwambia tena kwamba mambo ya umma ni ya wakubwa.

Sio mimi niliyegundua hili. Watafiti wawili, Westheimer na Kahne, waliandika tangu 2004 kwamba kuna raia anayechangia chakula cha wenye njaa, kuna anayeandaa huo mchango, na kuna anayeuliza kwa nini watu wana njaa. Shule zetu zinapenda sana yule wa kwanza. Hana usumbufu.

Kuna wanaotaka huduma kwa jamii iwe lazima shuleni. Ontario kule Kanada bila saa 40 za kujitolea humalizi sekondari, Maryland Marekani ni saa 75. Haya, nakubali kwa shingo upande, lazima inamfikia hata mtoto ambaye kwao hakuna mtu angemwambia ajitolee, na Maryland angalau wanataka maandalizi kabla ya kazi na kutafakari baadaye. Ila ukishaweka saa, watoto watahesabu saa, na hakosekani mjomba wa kusaini fomu. Hata IB (International Baccalaureate), ile programu ya kimataifa ya sekondari, ilikuwa inadai saa 150 za shughuli za nje ya darasa, huduma kwa jamii ikiwemo, baadaye wakaachana na kuhesabu.

Halafu shule hiyo hiyo mtoto akichelewa adhabu yake ni kufagia uwanja. Jumatano fagio ni kiboko, Jumamosi eti ni heshima ya kuitumikia jamii. Mnategemea aamini ipi?

Walimu wamezidiwa, ndio, najua, na mwalimu wa uraia mwenye vipindi kibao siwezi kumdai aongozane na watoto maofisini kila wiki. Mpunguzieni vipindi.

Ila ninalolisikia zaidi ni hili la "msiwaingize watoto kwenye siasa". Nani kataja chama? Kuuliza kwa nini mtaro umeziba ni siasa, ila kupangwa mstari nyuma ya mgeni rasmi ambaye kesho kutwa anaomba kura, hiyo sio siasa, hiyo ni huduma kwa jamii! Austria tangu 2007 mtu wa miaka 16 anapiga kura na nchi haijaanguka. Sisi wa miaka 16 tunamwamini na fagio tu, akishika kalamu tunaanza kutetemeka. Anayeogopa mtoto kuuliza hela ya taka imeenda wapi, atuambie basi imeenda wapi.