Mwenye Pesa Hapigi Msasa

Ingia karakana yoyote ya useremala hapa Uganda, iwe Ndeeba kule Kampala au hapa kwetu Walukuba, Jinja, kisha mtafute anayepiga msasa. Hutamkuta mwenye karakana. Mwenyewe yuko kwenye msumeno wa meza, au yuko kwenye simu anapatana bei ya kitanda na mteja. Anayepiga msasa ni kijana aliyekuja kujifunza kazi. Amejifunga fulana puani, nyusi zimegeuka nyeupe kwa vumbi, anasugua ubao wa mvule kwa kipande cha karatasi kilichokunjwa. Akichoka anaambiwa ujana wa siku hizi hauna nguvu.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipo sababu ya mafundi wetu kukosa mashine nzuri za msasa. Tunasema ni bei, lakini nimeona karakana zenye randa kubwa ya umeme na msumeno wa meza, vyote vimenunuliwa kwa mkopo wa sacco na mkopo umelipwa ukaisha, na bado msasa unapigwa kwa mkono. Pesa ipo. Tatizo ni kwamba aliye nayo si yeye anayeumwa bega jioni. Hata tukienda dukani tunauliza mashine itakata nini, itatoboa nini. Ya kulainisha inaonekana anasa, kwa sababu kulainisha kuna watu wake na watu wenyewe hawana sauti.

Mimi napiga msasa mwenyewe. Karakana yangu ni ndogo, nina kijana mmoja tu, na meza za kulia ninazotengeneza wateja huzipapasa kwa kiganja kabla ya kuuliza bei. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kununua mashine moja ya maana sikununua msumeno. Nilinunua mashine ya msasa, Festool ETS EC 150/3, kwa mkono wa shemeji yangu anayefanya kazi Ujerumani. Bei yake huko, kabla hujagusa habari ya usafiri na ushuru, inakaribia shilingi milioni mbili za kwetu. Jirani yangu anayechomelea madirisha aliposikia alishika kiuno. "Wewe fundi, milioni mbili za kusugulia? Si ungechukua boda?" Angechukua yeye. Mimi sina haja ya boda.

Mashine yenyewe ukiiona mara ya kwanza haikushtui. Ina uzito wa kilo 1.2, unaishika kwa kiganja kimoja kwa juu, na injini yake ni ya wati 400 tu. Kazi iko chini. Bamba linaloshika karatasi, lenye upana wa milimita 150, linafanya mambo mawili kwa pamoja: linayumba kwa mduara mdogo wa milimita 3, na papo hapo linajizungukia lenyewe kwenye beringi yake. Kwa mienendo hiyo miwili, punje ya msasa hairudi kupita njia ileile. Ndiyo maana mikwaruzo yake haipangani mistari, na ndiyo maana unaweza kupita juu ya kona ya fremu, pale mbao mbili zinapokutana moja imelala na nyingine imesimama, bila kuacha alama za kukata nyuzi. Kwa karatasi ya mkononi kona hiyo ni adhabu. Kwa grenda ni maafa.

Na hapa niseme wazi, maana grenda tumeipenda kupita kiasi. Unafunga kisahani cha msasa kwenye mashine ya kukatia chuma, unashambulia mbao, kazi inakwenda haraka na vumbi linapaa hadi barabarani. Juani mbao inaonekana sawa. Ukishapaka vanishi na kuiingiza sebuleni kwa mtu, mwanga wa dirisha unaipiga kwa pembeni, mabonde yote yanajitokeza. Vanishi haifichi kitu. Sebule nyingi za mji huu zina sofa ambazo mikono yake ina mabonde hayo, na wenye sofa wanadhani mbao ndivyo zilivyo.

Aliyefanya kazi na mvule atanielewa zaidi. Mvule ni mti wa heshima, mchwa hauuwezi, rangi yake inazidi kukolea kadiri miaka inavyokwenda. Lakini nyuzi zake zinapishana: safu moja imelala huku, inayofuata imelala kule. Ukipitisha randa kufuata safu ya kwanza, safu ya pili inanyofoka. Ukigeuza, ya kwanza nayo inanyofoka. Tena baadhi ya miti ya mvule inabeba mawe ndani yake, chokaa iliyoganda, na jiwe moja linatosha kuharibu makali ya randa uliyoyanoa asubuhi nzima. Mashine ya msasa ya mtindo huu haijali nyuzi zinaelekea wapi. Unaipitisha tu, karatasi namba 80, kisha 120, kisha 180 (namba ikipanda punje zinakuwa ndogo), na zile tabaka zinazopishana zinaanza kung'aa kwa zamu unapouzungusha ubao kwenye mwanga. Kitu hicho kwa randa sijawahi kukipata, na sioni aibu kusema kwamba mara nyingine naendelea kuutazama ubao wakati kazi nyingine inanisubiri.

Msonobari una shida zake, tofauti kabisa. Sehemu laini inalika haraka, sehemu ngumu inabaki, ubao unatoka na mawimbi. Dawa yake ni bamba gumu na mkono mwepesi. Musizi nao ni laini, ukiuegemea kidogo tu umeuchimba.

Mkono mwepesi ndilo somo gumu kuliko yote kwa mtu aliyezoea karatasi. Tumelelewa kuamini kwamba jasho ndilo linalolainisha mbao. Kijana wangu siku za mwanzo alikuwa akiikandamiza mashine kwa mikono miwili, bamba linapunguza mzunguko, mbao inapata joto, na mikwaruzo midogo ya mviringo inabaki pale. Nikamwambia, "Wewe ishike tu isikimbie. Uzito wake unatosha." Alidhani namfanyia mzaha. Ukikandamiza, lile joto linayeyusha vijino vya plastiki vinavyoshika karatasi, na bamba jipya linauma mfukoni. Mwendo nao uwe wa polepole, sentimita mbili au tatu kwa sekunde. Kabla ya kuanza chora ubao wote kwa penseli, mistari ya ovyoovyo. Ikifutika yote umemaliza namba hiyo, nenda inayofuata. Usiruke namba. Anayetoka 80 akaingia 240 anang'arisha mikwaruzo, haiondoi. Na ukifika 180 au 240 acha, hasa kama utapaka rangi ya mbao, kwa sababu mbao iliyosuguliwa kupita hapo inaziba na rangi haiingii vizuri.

Sasa vumbi, na hapa naomba tusitaniane. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na moshi wa sigara. Dalili zilianza kuonekana mapema zaidi. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Uingereza waliona saratani ya pua inawapata mno watengeneza fanicha wa High Wycombe. Mvule wetu nao una ukali wake: vumbi lake linawasha ngozi, linachoma macho, na wapo mafundi linaowaletea pumu. Uganda tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inayomtaka mwajiri amkinge mfanyakazi wake. Zungukeni karakana muone inavyofuatwa.

Kwangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya mashine ya bei na ya kubahatisha. Bamba la hii yangu lina matundu, karatasi ina matundu, hewa inavutwa katikati yake na vumbi linaondoka kabla halijapaa. Lakini ile mifuko midogo inayokuja na mashine nyingi isikudanganye. Inakamata vumbi la kuonekana, na lile jembamba, ambalo ndilo baya, inaliachia. Lazima uiunganishe na mashine ya kufyonza vumbi. Nilitafuta ya kawaida yenye kichujio kizuri, nikaunga bomba, na barakoa naivaa vilevile. Tulizizoea wakati wa korona, sijui kwa nini tulizitupa. Ningekuwa na pesa ya kitu kimoja tu kati ya mashine nzuri isiyo na kifyonza na mashine ya wastani yenye kifyonza, ningechukua ya pili bila kufikiri.

Mtikisiko nao hauonekani ila unalipwa. Mashine hafifu inatikisa mkono zaidi ya inavyotikisa mbao. Unamaliza meza, vidole vimekufa ganzi, unashika kikombe cha chai na hukihisi. Ulaya wana agizo la mwaka 2002 linaloweka kikomo cha mtikisiko ambao mfanyakazi anaruhusiwa kuupokea kwa siku, kwa sababu ukizidi kwa miaka unaua mishipa ya damu na ya fahamu ya vidole. Hapa kwetu tunaita uchovu, tunapaka dawa ya kuchua, kesho tunarudi.

Kuhusu umeme, mambo machache. Anayeleta mashine kutoka nje aangalie volti kwanza. Ya Ulaya inakubali umeme wetu wa volti 240 na hezi 50. Unabadilisha plagi tu, yao ina vijiti viwili vya mviringo. Ya Marekani ni ya volti 120. Usiibebe hata ukipewa bure, labda uwe na transfoma. Hii yangu injini yake haina brashi za kaboni, kwa hiyo hakuna kaboni za kubadilisha, lakini kwa sababu hiyohiyo ndani kuna elektroniki, na elektroniki haipendi umeme unaopanda na kushuka. Nimeiwekea stabilaiza. Wati 400 si mzigo: ukiiendesha kwa nguvu zote, uniti moja ya Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, inakupa saa mbili na nusu, na jenereta ndogo inaibeba bila kulalamika. Nataja jenereta kwa sababu bwawa la umeme la Owen Falls lilifunguliwa hapahapa Jinja mwaka 1954, mto unapita mlangoni petu, na bado kuna siku tunakaa kwenye viti tunasubiri umeme urudi. Ukirudi tunapiga makofi.

Karatasi zilinitia wasiwasi kabla ya kununua. Maduka ya vifaa vya ujenzi yana diski za milimita 125 kwa wingi, za 150 ukiuliza wanakutazama. Kumbe wapaka rangi wa magari wanatumia kipimo hichohicho cha 150. Siku hizi naenda kwenye maduka ya rangi za magari, nahesabu matundu yasije yakaziba ya mashine, nanunua boksi zima. Karatasi za bei ya chini nimeacha kuzigusa. Punje zikidondoka moja inakwama chini ya bamba na kuchora mviringo ambao utausaka na taa hadi usiku.

Je, kila seremala anunue ya milioni mbili? Hapana. Kama unatengeneza milango ya kupakwa rangi ya mafuta, Makita BO5041 ya wati 300 au Bosch GEX 125-1 AE ya wati 250 itakufaa miaka mingi, ilimradi uwe na uhakika si feki, na feki zimejaa. Ishike dukani, iwashe, sikiliza beringi, zungusha bamba kwa kidole uone kama linayumba. Muuzaji asiyekubali uiwashe, mwachie mashine yake. Ninachokataa ni ile hesabu ya kwamba msasa haustahili pesa kwa sababu kijana yupo. Kijana ana mapafu, na akishajua kazi ataondoka na ufundi wako. Si haki aondoke pia na kifua kibovu.

Wa kwangu sasa anaiwasha kabla mimi sijafika. Nimemkuta akipiga msasa upande wa chini wa meza, ule ambao mteja hatauona maisha yake yote. Nilimuuliza nani amemtuma. "Hakuna, Mzee. Ni tamu tu." Nilimwacha amalize.

Nikiulizwa kama naiazima, siiazimi. Lete mbao zako hapa Walukuba, tutazipiga pamoja, na diski ni juu yako.